Hadubini Zilizofungiwa Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi ufunguo na onyo. Kituo chetu, huku milimani Usambara, njia ya kwenda Mlola, kilikuwa mali ya chuo kikuu. Wanafunzi wa kilimo walikuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Mimi, Msambaa wa darasa la nane, nilikuwa mtunza stoo.

"Kabatini mna hadubini kumi na mbili," alisema. Hadubini ni chombo cha kutazamia vidudu visivyoonekana kwa macho. "Wape mbili. Zinazobaki ni akiba."

"Mzee, wanafunzi ni arobaini."

"Watapanga foleni. Umeajiriwa kutunza, siyo kufikiri."

Wakapanga. Kazi ya wiki mbili ikala mwezi, na mwezi mzima taifa lililokuwa likihubiri kujitegemea likawalisha na kuwalaza watu wanaosubiri zamu. Niliwaandikia wakubwa barua hadi nikachoka. Jibu lilikuwa lilelile: akiba. Akiba ya nani? Ya lini?

Mwaka wangu wa tatu akaja Zaina, binti wa kibarua wa shamba la chai. Aliugua malaria, alipopata nafuu zilibaki siku mbili mafunzo yaishe, na foleni ilikuwa ndefu. Mkuu alikuwa safarini Tanga.

"Shikamoo kaka. Nisipomaliza, narudia mwaka mzima," aliniambia. "Na baba keshawatangazia wenzake wote kule shambani kwamba mwaka huu namaliza."

Nikafungua kabati. Nusura nilie kwa hasira. Unyevu wa milima yetu ulikuwa umeingia, kuvu limetanda kwenye lenzi. Katika zile kumi za akiba, nne tu zilifaa. Zile mbili zilizoshikwashikwa kila siku zilikuwa safi kabisa! Zaina akafanya kazi yake, akamaliza, akafaulu.

Mkuu aliporudi aliyatazama makuvu yale, kisha akanigeukia.

"Nani kakuruhusu kufungua?"

Hakuuliza kingine. Nikahamishiwa kitalu cha miche karibu na Rangwi, nikakaa huko hadi kustaafu.

Leo nawasikia wakubwa wakilalamika kwamba kusomesha kijana chuo kikuu ni ghali, eti kwa sababu lazima vinunuliwe vifaa vipya. Jamani! Mmeingia stoo kwanza?

Wajukuu huniuliza kama najutia kuvunja amri. Sijutii. Najutia miaka ile niliyoipoteza kwa kuandika barua. Kabla ya Zaina walikuwapo waliorudia mwaka, nami niliwasindikiza hadi kwenye basi, nikiwapa pole.