Karatasi kwenye Mlango wa Kabati

Kwenye mlango wa kabati la maabara, katika hospitali moja ya misheni mjini Iringa, palibandikwa karatasi: YA ZAMANI YAISHE KWANZA. Aliyeiandika ni Bertha Kalinga, mpimaji wa maabara hiyo, miaka kumi na tisa iliyopita, alipochoka kutupa dawa za vipimo zilizopitwa na tarehe. Sasa karatasi hiyohiyo ilikuwa inamkaba koo.

Mzee Jailos, mkulima wa mpunga kutoka Madibira, alilazwa na maambukizi, macho yamekuwa ya manjano kabisa. Wodini walitaka kumwanzishia sindano kali, na sindano ile humfaa tu mtu mwenye figo nzima. Kipimo cha zamani kilisema figo zake nzima. Lakini kipimo kile husoma rangi, na umanjano wa damu hukihadaa kikaona taka zilizoshindwa kuchujwa na figo ni chache kuliko zilizopo. Kipimo kipya hakidanganyiki kirahisi hivyo. Bertha alishavilinganisha kwa sampuli arobaini, akaandika yote daftarini, na bado maboksi mapya yalikaa kabatini yakisubiri zamu yao, utadhani figo za watu nazo zinajua kusubiri.

"Weka sahihi kwenye jibu hili la kipimo cha zamani, mama," alisema Peter, mkuu wa maabara, ambaye Bertha ndiye aliyemfundisha kutoa damu. "Za zamani zimebaki chupa tatu tu. Na utaratibu ni wako mwenyewe."

"Ni wangu, ndiyo maana nauvunja. Sahihi yangu hapo huipati."

Aliogopa, tusidanganyane. Alibakiza miaka miwili kustaafu, na wabishi hawapendwi kazini. Hata hivyo alifungua boksi jipya, akapima, akarudia. Figo zilikuwa taabani. Alipanda wodini na jibu mkononi, akamkuta nesi ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Hiyo iache. Mwite daktari kwanza."

Mzee Jailos alifumbua macho, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mama. Kuna nini?"

"Kamwene, baba. Wanakubadilishia dawa."

Jioni Peter alimletea barua: atoe maelezo ya maandishi kwa nini amekiuka utaratibu. Bertha aliisoma amesimama. Kisha akaenda kabatini, akaibandua ile karatasi yake, akaigeuza na kuandika nyuma: "Nimempima kwa kipya. Kuanzia kesho nitawapima wote kwa kipya."

Hapo akaweka sahihi.