Mota Mbili kwa Mama Kapinga

Bado nina hasira, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mwalimu Ilunga aliniletea saa ya umeme ya ukutani. Aliyeitunza ni marehemu baba yake, mfanyakazi wa reli. Umeme ulikatika, na uliporudi saa haikutembea tena. Mimi, fundi wa miaka ishirini hapa Kamina, niliichomeka, nikaona mishale imetulia, nikatangaza kwamba mota imekufa. Nikaing'oa na kuipasua kwa bisibisi.

Mota nyingine nilinunua kwa Mama Kapinga, muuza vipuri vya zamani sokoni. Nilipoifunga haikuzunguka. Akanibadilishia, na ya pili nayo ikagoma. Hapo damu ilinichemka. Nilimwendea nikamfokea mbele ya wateja wake kwamba anauza mizoga, na kwamba ni mwizi.

Alifunika meza yake, akanifuata hadi karakana yangu, ambako Mwalimu alikuwa ananisubiri.

Mama Kapinga aliichomeka saa, yenye ile mota yake ya pili, akapeleka kidole nyuma yake na kuzungusha kifundo kidogo ambacho sikuwahi kukigusa. Saa ikanguruma, na mshale wa sekunde ukaanza kutembea.

“Saa ya zamani haiamukake yenyewe, fundi,” akasema taratibu. “Unaisukumaka kwanza.”

Mwalimu aliokota vipande vya ile mota niliyoipasua, akavishika kiganjani.

“Kumbe hii ya baba ilikuwa muzima?” akaniuliza.