Mgonjwa Si Mgonjwa

Jumatatu asubuhi kompyuta ya mapokezi ya hospitali ilianza kukataa wagonjwa. Kila kadi ilipofunguliwa, kioo kiliandika: "Mgonjwa si Mgonjwa." Mama Kadi, karani wa mapokezi aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliwasomea watu wa foleni kama ilivyoandikwa.

"Basi nimepona," alisema mzee mwenye plasta mguuni. "Nani atanibeba kunirudisha nyumbani?"

Aliyepaswa kujibu alikaa ghorofa ya pili. Walimwita Bwana Mfumo kwa kuwa ndiye aliyetunza mfumo wa kompyuta, na jina hilo alilipenda kuliko ilivyofaa. Alipopigiwa simu hakushuka wala hakufungua kitu.

"Ni makosa ya uingizaji wa taarifa huko mapokezi," alisema, akarudi kwenye chai yake.

Msimamizi wa hospitali aliyachukua maneno hayo yalivyo. Kufikia Jumatano barua ya kumsimamisha kazi Mama Kadi kwa uzembe ilikuwa imeshachapwa, ikingoja sahihi saa sita.

Saa nne Mama Kadi alipanda ngazi, taratibu, kwa sababu ya magoti.

"Mwanangu, nimeandika kadi miaka ishirini na tisa. Nionyeshe nilipokosea, nikiondoka niondoke na elimu."

Hakuna aibu kama kudaiwa ushahidi wa neno ulilolitoa kwa mdomo mtupu. Bwana Mfumo alifungua orodha ya makosa amwonyeshe. Akasoma. Akasoma tena.

Mfumo ule ulijengwa juu ya kiunzi cha Java, lugha ya kuandikia programu: wengine wamesimamisha nguzo na paa, wewe unajaza kuta. Kiunzi kina kipakiaji chake, kazi yake kuleta klasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Na klasi ni kiolezo tu, kama hicho kiitwacho Mgonjwa, ambacho kila kadi hukatwa kwacho. Kanuni yake ni ya adabu: kabla ya kuleta klasi, kipakiaji humwuliza kwanza mzazi wake, yaani kipakiaji kilichokitangulia, kama anayo. Ijumaa iliyopita Bwana Mfumo alikuwa ametia kipakiaji alichokiandika mwenyewe, apate kubadilisha fomu bila kuuzima mfumo. Hicho hakikumwuliza mzazi. Kilichomoa Mgonjwa wake mfukoni. Sasa walikuwa wawili, sawa herufi kwa herufi, lakini mashine haitosheki na jina. Huuliza pia nani kakuleta, na aliyeletwa na mwingine humkana.

"Umeliona kosa?" aliuliza Mama Kadi.

"Nimeliona."

"Langu?"

Bwana Mfumo alitazama saa ya ukutani. Angeweza kusahihisha mstari mmoja kimya kimya, na barua ikaenda safari yake. Wapo wanaofanya hivyo na kulala fofofo.

"Langu, mama. Wewe hukukosea hata nukta."

Alisahihisha ule mstari kwanza, kisha akashuka naye hadi kwa msimamizi, akaeleza yote bila kujipunguzia. Msimamizi aliitazama barua kwa huzuni.

"Nimeshaichapa."

"Badilisha jina na cheo, mkuu. Uzembe uache hapo hapo."

Saa sita barua ilitiwa sahihi. Bwana Mfumo aliikunja, akapita mapokezi akielekea lango kuu, akakae nyumbani wiki mbili. Mama Kadi alikuwa amefungua kadi ya mzee wa plasta, aliyerudi siku hiyo, na safari hii kioo hakikubisha.

"Mzee, sogea. Wewe ni mgonjwa."

"Nilikuwa nimeanza kuzoea," alisema mzee, akayaokota magongo yake.