Kwa Mtu Aliyevunjwa Mkono na Mume Wangu

Ninyi wa nyumbani Busia mmesikia kwamba mume wangu, Amani, nusura arudishwe Kongo. Acheni niwasimulie yaliyotupeleka Thika.

Amani aliomba ukaaji wa kudumu kwa kuwa amemuoa Mkenya. Cheti cha polisi kikaonyesha kwamba aliwahi kuhukumiwa: kabla hatujaoana, aligombana na dereva mmoja Thika, akamvunja mkono, akapewa kifungo cha nje, afanye kazi hospitalini. Wakili alitueleza wazi kwamba kosa kama hilo peke yake huenda lisimnyime kibali, ila akilificha ameharibu kila kitu. Neno la aliyeumizwa lingesaidia.

Asubuhi tulitoka kwetu Kiuu, hapa Ruiru. Amani hakuwa amelala. Tulipofika Juja akaniambia, "Mama Neema, huyo mtu akitufukuza, tusimbembeleze."

Thika tulimkuta yule dereva, Kariuki, mtaa wa Makongeni, kwenye kibanda chake cha vipuri vya magari. Alimtambua Amani hata kabla ya salamu. Akamtazama, kisha akatuonyesha benchi.

"Umekuja kuomba msamaha ama kuomba usaidizi?"

"Yote mawili," Amani akajibu. "Msamaha ningeuleta kitambo. Niliogopa."

Kariuki alijaribu kuinua mkono wa kushoto. Uliishia kifuani.

"Udereva niliacha kwa sababu yako. Sijakusamehe, nisikudanganye."

Nikajua tumekwisha. Nilikuwa nainuka aliponizuia.

"Kaa, mama. Korti ilimhukumu, akafagia hospitali mpaka akamaliza. Nilikuwa nikienda kliniki namwona. Hiyo nitasema. Lakini wakiniuliza kama nimemsamehe, nitawaambia bado."

"Waambie hivyo hivyo," Amani akasema.

Jioni tulirudi Ruiru. Neema alipouliza baba yake ana nini, nilimwambia amechoka.

Siku ya mahojiano, afisa wa uhamiaji alimpigia Kariuki simu tukiwa tumeketi pale pale. Kariuki alisema yale yale, hakupunguza wala hakuongeza. Afisa akaandika kwa muda mrefu. Ukaaji wa kudumu Amani hakupewa. Alipewa kibali cha muda, akaambiwa aombe tena kikiisha.

Nilichojifunza ni kwamba hukumu ya korti huisha, lakini maumivu ya mtu hayafuati kalenda ya korti. Siku hizi Amani huenda Makongeni hata kama hakuna anachohitaji. Msamaha hajapewa. Juzi alipewa chai.