Majani ya Daktari

Yugu wa kijiji cha Dranya alikuwa amechoka, wala si uchovu wa jembe. Ni ule wa kutunza kitu ambacho mwenyewe hakiulizii. Mwaka 1972 daktari mmoja wa mimea kutoka Kampala alimwachia viwanja viwili vya pori. Kimoja kiungue kila kiangazi. Cha pili kisiguswe na moto wala mundu miaka saba, ijulikane miti hurudi vipi. Daktari akahama nchi, kimya hadi leo. Yugu, mkaidi wa kuzaliwa, kila Januari alihesabu miche na kupeleka karatasi ofisi ya misitu, Arua kule kilimani. Karani Natale alizirusha juu ya kabati bila kuzisoma. Jamani!

Mkewe Candiru aliomba nyasi za kiwanja kile kisichoguswa, ndefu kuliko mtu, aezeke upya paa lililooza. Kila mwaka jibu lilikuwa lilelile: bado.

Kiangazi cha 1978 ulibaki mwaka mmoja tu. Siku ya kuwasaka panya pori kwa kuchoma nyasi ilipokaribia, Yugu alimwendea Obeti, kaka yake Candiru, ambaye ndiye huamuru moto uwashwe wapi.

"Shemeji, nakuomba. Mwaka huu washa upande ya mto, moto isipite kwa kiwanja."

"Upande ya mto iko mbaya. Mchana upepo inageuka."

"Basi washa asubuhi."

Obeti alikubali kwa heshima ya ushemeji. Lakini wasakaji walikunywa kwanza, wakachelewa. Upepo ukageuka kweli. Moto ukakiacha kiwanja kizima, ukaruka njia, cheche zikatua juu ya paa lile bovu. Candiru alitoka na mtoto wao Santino na sufuria moja. Nyumba iliisha kabla maji hayajafika.

"Majani ya daktari iko salama," alisema. Hakupiga kelele, heri angepiga. "Sisi tutalala wapi, Baba Santino?"

Yugu alitazama huku na huku. Pori lote lilikuwa jeusi. Nyasi za kuezekea zilibaki mahali pamoja tu.

Asubuhi alikwenda na daftari, akahesabu miche mia na kumi na minne, mingine ikimfika kifuani. Akaandika kwa mwandiko safi. Akampa mkewe mundu.

"Kata. Lakini zunguka miti, Mama Santino."

Candiru aliutazama mche wa kwanza kwa muda mrefu. Kisha akainama, akauzunguka.