Msusi Aliyetaka Jibu Kabla ya Kura

Sokoni wote walimwita Mama Rasta, ingawa mwenyewe alinyoa kipara. Mumewe alipomwacha na mtoto mgongoni, alitandika turubai kando ya wauza nyanya akaanza kusuka. Binti alisomeshwa na vidole hivyo mpaka chuo.

Sasa mtaa ulikuwa umeitwa kwenye kura ya maoni. Swali lilikuwa fupi: soko libomolewe, lijengwe la ghorofa? Ndiyo au Hapana. Mama Rasta hakuichukia ghorofa. Mvua ilikuwa imemchosha. Lakini kila alipouliza ofisini kwa diwani kama wauzaji wa zamani watarudishiwa nafasi zao, alijibiwa, "Wewe piga kura tu, mengine baadaye."

Siku moja akaja mpiga debe wa Ndiyo, mwanamke mcheshi, asukwe kabla ya mkutano. Mama Rasta akamaliza upande wa kulia, mistari imenyooka, kisha akaweka kitana chini.

"Dada yangu, ghorofa ikiisha, mimi nitakaa wapi?"

"Aa, shoga, suka kwanza! Watu wananingoja."

"Wakungoje. Wakikuona hivi hawatakusahau."

Wateja kwenye benchi wakaangua kicheko. Muuza nyanya akadakia, "Mwache aende, nasi tutampa nusu kura!"

Mpiga debe akashika upande wa kushoto, nywele zimesimama kama ufagio. Akacheka naye, halafu akageuka kumtazama.

"Sijui, mama. Nilipewa maneno ya kusema. Hilo halikuwamo, nami sikuuliza."

"Yaani mnatuuzia mbuzi kwenye gunia, na ninyi wenyewe hamjachungulia?"

Mengi huamuliwa hivyo, na watu wasio wabaya. Mama Rasta akaokota kitana, akamsuka upande wa pili kwa uangalifu ule ule. Kazi haina kisasi.

Siku ya kura alitia alama kwenye Hapana. Soko jipya alilitaka, ila hakutaka kujibu kabla hajajibiwa. Ndiyo ikashinda kwa mbali.

Asubuhi iliyofuata alitandika turubai kwenye baraza ya ofisi ya diwani, na wateja wakamfuata. Karani akatoka mbio.

"Mama, hapa si saluni!"

"Najua, mwanangu. Hapa ndipo penye majibu. Mwite mkubwa wako."

"Ana kikao."

"Basi asiharakishe. Huyu anataka mistari myembamba, na nyuma yake wapo wengine."

Akagawa nywele kwa ncha ya kitana, akaanza mstari wa kwanza.