Magadi ya Mwikwabe

Mkurya kuchunga samaki! Mugumu nzima ilicheka. Walicheka sokoni, walicheka kwa fundi baiskeli, na habari ilipofika Nyansurura alikotoka, huko ndiko walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamume mzima na ndevu zake, mtoto wa watu wa ng'ombe, ambaye baba yake aliingia kaburini bila kuonja samaki kwa kuwa aliona hicho ni chakula cha walioshindwa maisha, leo anashinda mbele ya kioo akitazama ningu wakipanda na kushuka. "Mura, umewakamua?" walimuuliza kila jioni akipita kwa fundi baiskeli kurudi alikopanga. "Leo wametoa maziwa kiasi gani?" Mwikwabe naye alicheka nao. Angefanya nini?

Hakuzaliwa na samaki, jamani. Alikuwa na ng'ombe. Si wengi wa kumfanya atajwe kwenye mikutano, lakini zizi lake lilikuwa na harufu ya zizi na asubuhi yake ilikuwa na kelele. Wezi wakaja wakalimaliza lote. Yowe likapigwa, vijana wakatoka na mishale, wakafuata nyayo kama ilivyo desturi, maana kwetu nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia kijiji fulani, kijiji hicho ndicho kinajibu. Zile hazikuingia kijiji chochote. Ziliingia Mto Mara, na ng'ambo hazikutoka. Sasa utamdai nani, mto? Wenzake waligeuka, yeye akabaki amekaa ukingoni akiyatazama maji, mpaka wakarudi kumshika mkono. Baada ya hapo yeye na mkewe Beatrice wakahamia Mugumu, mke akauza ndizi sokoni, mume akatafuta kazi ya ulinzi.

Ulinzi aliupata kwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa mabati ambaye babu yake alikuja toka pwani na cherehani. Mzee Athumani alikuwa na tabia moja: wazo likimwingia kichwani halitoki mpaka limle fedha. Wazo la mwaka ule lilikuwa Nyumba ya Samaki. Watalii, alisema, wanapita hapa kila siku kwenda hifadhini kuona simba. Na wakati wanakunywa soda, si waone na samaki wa mto wetu? Akajenga ukumbi kando ya barabara, akaweka matangi makubwa ya vioo, pampu za hewa na taa, akaleta sato, furu, mumi, kamongo mmoja mwenye sura ya shetani, na fahari ya nyumba, ningu kutoka Mto Mara. Ningu siku hizi huwaoni ovyo mtoni. Wazee wanasimulia kwamba zamani mvua zikianza walipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, ukachota kwa kikapu. Leo utachota matope.

Watalii hawakusimama. Walipita wamefunga vioo, wakatuachia vumbi. Waliokuja ni wanafunzi, mabibi harusi waliotaka picha, na watu wa gulio waliosukumwa na ubao. Ubao huo ulikuwa wa Adija, binti wa Mzee Athumani, aliyekata tiketi mlangoni. Kila asubuhi aliandika kwa chaki habari za ndani: "Kamongo anakula leo saa kumi." "Furu wamezaliwa, njooni muwaone kabla mumi hajawaona." Watu wengi walisoma bure wakaenda zao wakicheka, lakini walisoma.

Mwikwabe alianzia getini na rungu lake. Polepole akaanza kuingia ndani, akashika ndoo, akashika neti ndogo, mwishowe geti likakosa mtu. Aliwapa ningu majina kama ya ng'ombe: Madoa, Mweusi, Mapembe asiye na pembe. Aliwalisha minyoo aliyoichimba mwenyewe. Akiingia asubuhi walikuja wote upande wake wa kioo, na yeye alikiri kwa mkewe, huku ameinamisha kichwa kwa aibu, kwamba alikuwa akisikia raha ileile ya zamani ya kufungua zizi. Beatrice hakumcheka. Katika Mugumu yote, ni yeye peke yake ambaye hakumcheka.

Basi Madoa akapata mayai. Tumbo lilimjaa hadi akawa mzito kama ng'ombe wa mimba. Bwana samaki wa wilaya alikuja akamtazama, akapiga picha, akasema hili ni jambo kubwa. Kuna wataalamu wa chuo fulani wanatafuta ningu wa kuzalisha ili warudishwe mtoni, na wakimkuta huyu hai na mayai yake, wataichukua nyumba hii chini yao, na pampu, na umeme, na kila kitu. "Ila msimsumbue," akasema. "Msimtikise, msimshike, asishtuke."

Mzee Athumani alifurahi na kuogopa pamoja. Alimwita Mwikwabe pembeni. "Ndugu yangu, mimi nimefika mwisho. Duka la mabati linailisha hii nyumba na mimi mwenyewe silishwi. Wataalamu wakija wakipenda, tumepona wote. Wasipopenda, nafunga, nauza vioo. Mchunge huyo mama."

"Nitamchunga, Mzee."

"Nakuachia. Mimi nakwenda Mwanza, narudi pamoja nao."

Unaelewa alichokabidhiwa? Zizi la pili. Mwikwabe alikuwa na umri ambao mtu hapewi zizi la tatu.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mzee Athumani hajafika hata Mwanza, umeme ukakatika. Ukarudi, ukakatika tena, pampu zikawa zinakohoa na kunyamaza. Ningu wakaanza kukataa minyoo. Wakapanda juu ya maji wakafungua midomo. Madoa alilala pembeni, mapezi yamemganda mwilini. Mwikwabe alimpigia bwana samaki: simu haipatikani. Adija akapiga: haipatikani. Kumbe yuko kisiwani kwenye doria, huko ziwani, hakuna mtandao.

"Baba, tusubiri," Adija alisema. Alimwita baba kwa heshima, ingawa ni wa kabila lingine na dini nyingine. "Atapatikana tu."

"Mfugo hausubiri, binti yangu."

"Tubadilishe maji?"

"Alisema asitikiswe." Mwikwabe aliogopa. Kubadilisha maji ni kuingiza mikono, mipira, ndoo, fujo, na yule mama ana mimba. Hilo lilimkaa kichwani. Akashinda pale amekaa kwenye kiti cha wageni, akiwatazama, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyoacha kuona samaki. Aliona mnyama aliyekataa malisho. Aliona ubavu usiotikisika. Na mnyama akikataa nyasi, akizubaa, akisimama pembeni na wenzake wanakula, hakuna Mkurya wa kuuliza afanye nini. Unampa magadi. Anachangamka, anakunywa, anarudi kwenye nyasi. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake kabla yake.

Alikwenda sokoni kwenye mafungu ya magadi, akachagua kama anavyochagua mwenye mali, yale meupe, akayaonja kwa ncha ya ulimi. Akarudi akayasaga, akayakoroga kwenye ndoo hadi yakayeyuka, akayamimina taratibu kwenye pembe ya tangi, mbali na Madoa, ili asishtuke. Masikini! Hata katika kuua alikuwa mpole.

Na unajua kilichomdanganya? Walichangamka. Ndiyo, walichangamka! Mweusi akazunguka tangi mbio, Mapembe akaruka hadi akagonga kifuniko, na Madoa naye akafungua mapezi akaogelea, tumbo lake lote likipita mbele ya kioo. Mwikwabe alipiga kofi la furaha. "Wameamka! Adija, njoo uone, wameamka! Andika ubaoni!"

Adija akachukua chaki, akatoka akaandika kwa herufi kubwa: "NINGU WAMEPONA."

Watu walisoma. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, na habari njema inavuta, wakaingia wengi kuliko siku yoyote. Walisimama mbele ya kioo na watoto mabegani. Waliyoyaona ni ningu wanaogonga kioo kwa vichwa, halafu wanapinduka mmoja mmoja, tumbo juu. Madoa alikuwa wa mwisho. Mwikwabe alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya maji sasa, hofu ya kumshtua haipo tena, amemshika chini ya tumbo anamsogeza mbele na nyuma apate pumzi, anamwita kwa jina. Mama mmoja aliwatoa watoto wake nje.

Hakufaulu. La kuvunda halina ubani.

Jioni ile wakaja watu na sufuria. Msiwalaumu, kwetu ng'ombe akifa hazikwi, huliwa, jirani akapata mguu, mwingine akapata utumbo, na huko ndiko kupeana pole. "Pole, mura, tugawie hao tukale." Mwikwabe aliwafukuza kwa lile rungu la getini. Akachukua jembe akaenda nyuma ya ukumbi. Mwanamume kuzika mfugo! Hapo kicheko kikakatika, watu wakaanza kunong'ona kwamba kichwa kimeruka. Beatrice alitoka sokoni na kapu lake la ndizi, akaliweka chini, akamnyang'anya jembe akachimba yeye, maana aliona shimo la mumewe haliendi.

Mzee Athumani alirudi peke yake. Wataalamu walipigiwa simu kwamba ningu wamekufa, wakageuzia njiani. Mwikwabe alimngoja mlangoni, amesimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ni umeme?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Adija alimtazama kwa macho ya kumwomba aseme ndiyo.

"Ni mimi. Niliwapa magadi."

"Magadi?" Mzee Athumani alidhani hakusikia vizuri. "Haya ya ng'ombe?"

"Walikuwa wanaumwa, Mzee. Walikataa kula."

Mzee Athumani alifungua mdomo apige kelele barabara nzima isikie, akaufunga. Alikaa kwenye kile kiti cha wageni. "Ungeniambia umeme," akasema. "Umeme ningeutukana, nikalala. Wewe nikufanye nini, Mwikwabe? Wewe ulikuwa unawapenda." Akalia, mzee wa watu, akifuta machozi kwa kofia yake.

Kisha simu ya bwana samaki ikapatikana. Alipiga mwenyewe, kwa furaha, kuuliza mama anaendeleaje. Adija akamweleza. Ile sauti ikasema, na simu ilikuwa imefunguliwa spika kwa hiyo wote walisikia, kwamba ni maji tu yalikuwa yamechafuka kwa kukosa pampu. Wangepunguza nusu ya tangi polepole, wakaongeza maji ya mvua, hata jike mwenye mayai asingedhurika. Ni kumshika na kumtikisa ndiko alikokataza, si kubadilisha maji. Na magadi ndani ya maji machafu, akasema, huugeuza uchafu wote kuwa sumu, hapo hata angekuwepo yeye asingeokoa kitu.

Mwikwabe aligeuza shingo. Simtanki la maji ya mvua lilikuwa pale pale kando ya mlango, limejaa hadi linamwagika.

Nyumba ya Samaki ilifungwa. Vioo viliuzwa, ukumbi ukawa ghala la saruji. Kamongo, ambaye huvuta hewa ya juu na hakuna linalomuua, alinunuliwa na mama ntilie akaliwa kwa ugali. Ule ubao ulibaki umeegemea ukuta na maneno yake, NINGU WAMEPONA, kwa kuwa Adija hakuwa na moyo wa kuyafuta, mpaka mvua ikayafuta.

Ndugu wa ukoo, Nchagwa wa Nyambureti, alisikia akamhurumia. Alikuwa na ng'ombe wengi na mchungaji wake ameondoka. "Njoo, mura. Rudi kwenye kazi ya wanaume. Utasahau." Na kweli, siku za kwanza ilionekana kama atasahau. Ng'ombe walimzoea upesi. Alijua nani anachechemea na nani ana kupe sikioni. Beatrice alipata salamu kwamba mumewe anakula vizuri, na jioni anasikika akipiga mluzi, akashukuru Mungu.

Halafu ikafika siku ya kuwalambisha ng'ombe magadi. Nchagwa akashusha gunia, akalifungua, akamwambia, "Haya, wape." Ng'ombe wakasikia harufu, wakaja wakisukumana na kulia kama wanavyolia wakitaka magadi, kelele tamu kuliko zote kwa mwenye mali. Mwikwabe aliingiza mkono guniani kwenye yale mawe meupe. Akautoa. Mkono ulikuwa mtupu.

"Wape wewe."

"Mimi? Unachunga wewe, nilambishe mimi?" Nchagwa alicheka, akidhani ni utani.

Ng'ombe walikuwa wamemzunguka, wanalamba vumbi jeupe kwenye vidole vyake. Mwikwabe akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, juu kabisa wasiifikie, akasimama hivyo katikati yao kama mtu aliyekamatwa. "Wasife," akasema. "Waondoe, wasife."

"Mwikwabe! Ng'ombe hawa! Magadi yaliwahi kumuua ng'ombe gani?"

"Najua."

Na alijua. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, alijua vizuri kuliko Nchagwa, na mikono haikushuka. Nchagwa alingoja, akabembeleza, akatukana kidogo, mwishowe akalambisha mwenyewe. Siku ya pili ya kulambisha ikawa hivyo hivyo. Mchungaji asiyeweza kulambisha utamfanyia nini? Nchagwa akatafuta mwingine, akamsindikiza Mwikwabe mpaka barabarani kwa heshima zote.

Yuko Mugumu sasa, katika kile chumba cha kupanga. Beatrice ndiye anayelisha nyumba kwa ndizi zake. Jioni Mwikwabe hutoka kunyoosha miguu, hupita kwa fundi baiskeli palepale, na wale watu wapo palepale kwenye benchi lao. Humwamkia, huitikia. Hakuna tena anayemuuliza kama amekamua.